Miaka Kumi na Sita Akilitafuta Jina la Mama wa Baba Yake

Saa tisa alasiri. Jua limeshaipita minazi, lakini sakafu ya kuanikia karafuu bado inaunguza nyayo. Katika shamba moja nje kidogo ya Mtambile, watu kumi na wawili wamelizunguka lundo la karafuu mbichi zilizoletwa tangu asubuhi kwa mapakacha, kila mmoja na mafungu yake mawili: karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule.

Jaribu Vuai amekaa upande wa kivulini. Anachukua kishada, anakigonga kwenye kiganja cha kushoto, anakizungusha, karafuu zinadondoka kama mvua ya rasharasha. Kiganja hicho ni cheusi, weusi ambao hautoki kwa sabuni wala kwa ndimu. Ni weusi wa misimu thelathini na miwili.

Anachambua muda mrefu. Kisha, bila kuulizwa na mtu, wala kuinua macho, anasema:

"Miye mama yangu akiitwa Mwatima. Mamake mama akiitwa Riziki. Wote wamelala Kengeja."

"Nani kakuuliza?" anasema mwanamke mmoja mgeni wa shamba hilo, aliyetoka Micheweni kufuata uchumaji.

"Hakuna."

"Basi wajinadi nini, kama samaki wa jana?"

Watu wanacheka. Siti, mchambuaji wa siku nyingi kutoka Chokocho, anamtetea kwa namna yake. "Mwache huyo. Ukikaa naye siku tatu utamtajia hata paka wa bibi yako."

Jaribu hacheki, wala hakasiriki. Anaendelea na kazi. Vishada vinagongwa, nzi wanazunguka. Baada ya mafungu mawili matatu, yule mwanamke wa Micheweni anasema kwa sauti ya chini, kana kwamba anaongea na karafuu zake: "Mama yangu miye akiitwa Time. Hakuzaliwa Micheweni. Aliletwa mdogo."

Jaribu haulizi aliletwa kutoka wapi. Anaitikia kwa kichwa tu na kuchukua kishada kingine. Jina amelipata. La mia mbili na kumi na tano.

Msomaji wa mjini huenda asione ajabu hapo. Lakini aliyezaliwa kisiwa hiki cha Pemba anajua uzito wa alichofanya mwanamke yule. Jina la baba ni la barazani, mtu hulitaja kwa karani, kwa shehe, kwa mwenye duka. Jina la mama ni la ndani. Mganga akitaka kukutibu huuliza jina la mama yako, na mchawi akitaka kukumaliza huuliza hilo hilo. Kumtajia mtu jina la mama yako ni kumkabidhi kisu ukiwa umemgeuzia mpini.

Jaribu, mtu wa miaka arobaini na saba, amekuwa akikusanya visu hivyo tangu mwaka 1944. Hakuna anayemlipa. Mchana anachambua kwa senti ishirini pishi moja, na msimu ukiisha analima muhogo kwenye ardhi ambayo si yake, na ambayo anaweza kuambiwa aihame kesho, kama walivyoambiwa wengi mwaka juzi kwa sababu tu ya kadi ya chama waliyoichukua. Wenzake wakipumzika hucheza bao. Yeye hupumzika kwa wafu.

"Huu ndio mchezo wangu," anasema. "Ila bao mtu hufungwa akacheka, akapanga upya. Mimi nafungwa tu."

Mwenye shamba hilo ana shajara, mti wa nasaba ya ukoo wake, barazani, ndani ya kioo, imeandikwa kwa wino wa dhahabu. Inaanzia kwake, inapanda kwa babu na babu wa babu, inavuka bahari, inapanda tena mpaka mtu anaumwa shingo kuitazama. Kila mgeni huonyeshwa. Waliochimba mashimo ya mikarafuu, wakaipanda, wakaimwagilia kwa mitungi ya kichwani mpaka ikashika, hawana hata ubao wa kuonyesha walipozikwa. Makaburi yao ni vifuu vya nazi na mawe mawili ya pwani, na mahali pengine mwenye shamba amepanda mikarafuu juu yake. Halafu watu husema: hawa hawana asili.

Jaribu anakumbuka siku iliyomwanzisha. Ni siku aliyozikwa baba yake, Vuai, Kengeja, baada ya sala ya adhuhuri.

Maiti ilikuwa imeshalazwa, udongo umesharudishwa. Ikabaki talakini, maneno anayosomewa maiti akumbushwe majibu ya maswali ya kaburini. Na maiti katika talakini haitwi kwa baba. Huitwa kwa mama. Mwalim Nyange, ambaye mpaka leo ndiye msomeshaji wa chuo cha Kurani cha hapo, akachutama kichwani pa kaburi, akauliza: "Mama yake nani?"

Watu wakatazamana. Walikuwapo wazee waliolima na Vuai miaka thelathini. Walijua alipenda samaki gani, walijua jino lipi lilimuuma. Mama yake, hakuna aliyejua. Walichojua ni kwamba alikufa kwa ndui Vuai akiwa mtoto wa miaka sita hivi, akalelewa na watu tu, leo nyumba hii, kesho ile. Mtoto wa miaka sita humwita mama yake "mama".

"Mwalim akasubiri," anasimulia Jaribu. "Kisha akasema, kama hajulikani, basi sote ni wa Hawa. Akasoma: Ewe Vuai, mwana wa Hawa. Sheria yaruhusu, simlaumu. Lakini nilikuwa nimeshika jembe pale, nikajiona kama nimemzika mbwa wa kuokota. Mwana wa Hawa. Hata aliyemuua nduguye ni mwana wa Hawa."

Tangu hapo, kila Shaaban, familia inapokaa kusoma hitima ya kuwarehemu wafu kabla ya Ramadhani, karatasi ya majina husomwa, na inapofika kwa bibi huyo husomwa "mama yake Vuai". Kila mmoja ana jina, isipokuwa yeye aliyewazaa wote. Jaribu alijiapiza kwamba siku moja jina la bibi huyo litasomwa kwenye karatasi ile.

Akaanza vibaya. Akaanza kama mtu ambaye hakuzaliwa Pemba.

Alinunua daftari, akalijaza kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa chuoni, kwa kuwa za kizungu hakupata kuzijua. Akawa anakwenda nyumba kwa nyumba na kalamu sikioni, anabisha hodi, anaamkia, anauliza: mama yako nani, na mama yake mama yako nani. Alidhani atatafuta kwa kuzunguka. Ukimjua kila aliyekuwapo, humkosi aliyejificha kati yao. Kwa miezi minane alipata majina themanini, mengi kutoka kwa watoto na walevi wa tembo la mnazi, kwani watu wazima walikuwa wakimtazama tu na kufunga mlango.

Kisha mtoto wa jirani yake, Bakar, akashikwa na homa. Na Bakar alikuwa ameandikwa, yeye na mama yake na bibi yake, ukurasa wa tisa.

Walikuja watu ishirini mchana kweupe. Bakar mbele.

"Jaribu, daftari la mama zetu liko wapi?"

"Hili hapa. Soma mwenyewe, hamna kitu."

"Sisomi miye. Mama za watu wawaandikia nini, kwa herufi za msahafu, mtu si mwalimu, si karani?"

"Natafuta bibi yangu."

"Bibi yako yumo tumboni mwa mwanangu?"

Wengine walitaka asomewe Halbadiri, mwenye hatia afe. Mwalim Nyange akakataa, akasema Halbadiri si mchezo. Ikatolewa hukumu nyingine. Pemba mgonjwa huandikiwa kombe, aya kwa wino wa zafarani juu ya sahani, zikaoshwa kwa maji akanywa. Wakamletea Jaribu bakuli la maji. Wakamwambia: kama maandishi yako ni ya salama, yaoshe uyanywe.

Akayaosha, ukurasa baada ya ukurasa, wino ule wa dukani ukageuza maji kuwa meusi kama ya pweza. Akanywa bakuli lote, watu wanamtazama.

"Nilinywa watu themanini," anasema, na hapo ndipo pekee anapokaribia kutabasamu. "Nikaharisha siku mbili. Mtoto wa Bakar akapona. Sasa wewe waelezee kwamba homa huondoka yenyewe."

Kwa miaka miwili hakugusa kalamu. Na miaka hiyo miwili ndiyo inayomchoma mpaka leo, maana wazee wanne wa Kengeja, waliokuwa wakubwa wakati wa ndui ile, walikufa ndani ya miaka hiyo. Alikwenda kwenye mazishi yote manne. Akachukua udongo kwa mkono, akautupa, akarudi nyumbani akijua nini kimefukiwa.

Hatimaye ilikuwa sakafu ya karafuu iliyomfundisha kazi. Aligundua kwamba mtu aliyeshika kishada anasema mambo ambayo mtu aliyeshika kikombe hayasemi. Mikono ina kazi, macho yana kazi, mdomo unabaki wenyewe, hauna wa kuuchunga. Kalamu isionekane. Swali lisiulizwe. Na la kwanza kabisa: uanze wewe. Utoe mama yako kwanza, mbele ya watu, bure, bila kujua nani amekaa pale na ana nia gani.

"Mara ya kwanza niliogopa," anasema. "Nilimtaja mama yangu hadharani, nikaona kama nimemvua nguo. Nikalala siku tatu nangojea nirogwe."

Hakurogwa. Kutafuta kukawa na utaratibu wake. Siku za kazi anasikiliza. Njiani kurudi nyumbani anayarudia majina kimoyomoyo, jina kwa hatua. Asubuhi baada ya sala anayaandika, si zaidi ya matatu, kwa kuwa zaidi ya hapo yanachanganyika. Ijumaa baada ya sala ya jamaa anatembea: mzee mmoja, kijiji kimoja, na jambo moja tu la kutaka kujua. Akipewa, anashukuru. Asipopewa, anasaidia kazi yoyote iliyopo pale, anarudi wiki nyingine. Msimu ukiisha Ijumaa hubaki.

Mke wake, Bi Mgeni, ameizoea kama mtu anavyozoea paa linalovuja. "Wanawake wenzangu wananiuliza, mumeo Ijumaa huenda kwa mke mdogo?" anasema akitwanga. "Nawajibu, angalau mke mdogo angekuwa hai."

Kwa mwendo huo amepata watu mia mbili na kumi na tano. Amepata ndugu asiowajua, amepata mashangazi mpaka Kisiwa Panza. Amewapatia wenzake bibi zao. Bakar yule yule alikuja miaka michache iliyopita, amejiinamia, kumuuliza kama anajua jina la mama wa bibi yake, na Jaribu akamwambia. Amempatia kila mtu. Wa kwake hakumpata.

Mpaka msimu huu. Ilikuwa kwenye lundo, alasiri moja, Siti wa Chokocho akasema bila kukusudia: "Bi Mwanapili wetu naye aliletwa. Husema alikuwa Kengeja kwanza, na shoga yake aliyekufa kwa ndui akaacha mtoto wa kiume. Vuai, Vuai sijui nani."

Jaribu anasema aliendelea kugonga kishada ambacho kilikuwa hakina karafuu hata moja.

Ijumaa ile alitembea mpaka Chokocho, mwendo wa saa mbili na zaidi. Mlango ukafunguliwa na Othman, mjukuu wa Bi Mwanapili, mvuvi, mtu wa maneno machache. Jaribu akajieleza. Othman akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia: "Mzee wangu, rudi ulikotoka."

Si ukatili. Mwaka huu watu wanaandikishwa kupiga kura, na katika kila banda la kuandikisha kuna mtu amekaa pembeni kazi yake kupinga: huyu si wa hapa, bibi yake katoka bara. Vyama vinatafuta asili za watu kama kunguru wanavyotafuta mayai. Watu waliozaliwa hapa, na baba zao wakazaliwa hapa, wakavunja migongo yao hapa, wanaambiwa walete ushahidi. Na mwenye kuudai ushahidi huo ni serikali ile ile iliyowaona babu zao wanashushwa pwani na haikuwaandika popote ila kwenye hesabu ya mali.

"Wakija kuuliza bibi yangu katoka wapi," Othman alisema, "hawatapata daftari la mtu la kusoma."

"Daftari langu halisomwi na mtu ila miye."

"Weye ukifa?"

Jaribu akaona mtumbwi wa Othman umepinduliwa uani, akakaa akamsaidia kuziba nyufa. Akarudi Ijumaa ya pili, na ya tatu. Ya tano Othman akamwambia: "Haya, ingia. Lakini umsikilize, usimchoshe."

Bi Mwanapili anakisiwa kuwa na miaka themanini na saba. Amelala juu ya kitanda cha kamba, mwembamba kama mkeka uliokunjwa, lakini sauti anayo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Weye nani?"

"Jaribu. Mwana wa Vuai. Mama yangu Mwatima."

Kikongwe akamwita karibu, akampapasa uso, masikio, taya. Akasema: "Taya ni lake."

Jaribu anasema alilia pale pale, mtu mzima, mbele ya Othman, na hakuona haya.

Alisimuliwa mengi siku ile na Ijumaa zilizofuata. Kwamba bibi yake alikuwa mrefu. Kwamba alikuwa na mzaha, akimwigiza msimamizi wa shamba anavyotembea, watu wanaziba midomo wasicheke. Kwamba walikuja pamoja, wasichana wawili, mmoja akiwa bado ana meno ya utoto. Kwamba Vuai alizaliwa wakati wa kuchuma, na mamake alirudi kwenye lundo siku ya saba.

"Na jina lake, bibi?"

"Huku wakimwita Faida."

Faida. Kuna mtu alimtazama mtoto wa kike, akapiga hesabu, akampa jina.

"Hilo la mabwana," alisema Jaribu. "La kwao?"

Bi Mwanapili akafumba macho. Jaribu akadhani amelala. Kisha akaanza kusema, polepole, na Othman mwenyewe anasema habari hii alikuwa hajapata kuisikia.

Alisema uhuru wa watumwa ulipotangazwa haukuja nyumbani kama mvua. Aliyeutaka alipaswa aende mwenyewe mbele ya serikali akaandikwe. Wakaenda wawili, kwa miguu, na mtoto mgongoni. Kulikuwa na meza, na karani, na daftari kubwa. Karani akauliza jina. Na upande wa pili wa meza amekaa bwana wao, anangojea, kwa kuwa kila jina likiandikwa yeye hulipwa. Fidia. Aliyefungwa hakupewa senti. Aliyefunga ndiye aliyelipwa pole.

"Shoga yangu akaninong'oneza," alisema Bi Mwanapili. "Akasema, tuwape yale yao. Yetu tusiwape, wasije wakayalipia. Akasema yeye Faida, nami nikasema Zafarani, maana ndivyo nilivyoitwa. Hili la Mwanapili nimelipata hapa Chokocho nilipoolewa. Karani akaandika, bwana akalipwa. Tulipotoka nje tukaitana. Yeye kaniita jina langu, nami nikamwita lake. Tukaapa hayatajwi mbele ya mtu mwenye kuandika. Yeye kafa na langu. Mimi ninalo lake."

"Bibi, mimi ni damu yake."

"Najua."

"Si la karani. Ni la hitima. Tumrehemu kwa jina lake."

"Mungu hamjui?"

"Sitaliandika. Naapa."

Kikongwe akashika mkono wake wa kushoto, ule mweusi, akaufunua kiganja. "Utaandika, mwanangu. Si leo. Leo utajizuia. Siku utakapoogopa kulisahau, utaandika. Kila anayeandika huogopa."

Alirudi Ijumaa nne baada ya ile. Mara moja alikwenda na daftari lenyewe, akaliweka miguuni pake, akamwambia amwamuru Othman alichome moto mbele yake, watu wote mia mbili na zaidi, kwa jina moja. Bi Mwanapili alikataa. Akasema wale hawana kosa.

Mara nyingine alipiga magoti. Anasema hakupata kumpigia mtu magoti maishani, hata mwenye shamba alipotaka kumfukuza.

"Akaniambia hivi," anasema Jaribu. "Akaniambia: Jaribu, kitu gani cha bibi yako hakikuuzwa? Mwili uliuzwa. Kazi iliuzwa. Mtoto alizaliwa kwenye mali ya mtu. Uhuru wake akalipwa mwingine. Limebaki hilo moja. Nami nililishika miaka sitini na tatu, nimwambie nini nikifika? Kwamba nililitoa kwa mjukuu wake kwa kuwa alilia?"

Hakuna aliyemshinda hoja. Jaribu hakumshinda, na wala Mwalim Nyange, ambaye Jaribu alimwendea juzi kwa shauri. Alimwomba kwamba mwaka huu karatasi ikisomwa, mahali pa bibi huyo aache nafasi, anyamaze kidogo, asiseme "mama yake Vuai".

"Kimya hakisomwi, Jaribu," alisema Mwalim. "Hitima ni maneno."

"Basi mtaje kwa Faida?"

"Ndilo ulilonalo."

"Hilo silitaki midomoni mwa wanangu."

"Basi ni kama siku zote."

Na itakuwa kama siku zote. Hitima ni siku tisa zijazo. Majina yatasomwa, ubani utafuka, wali utaliwa, na mwanamke mrefu aliyekuwa na mzaha, ambaye kila aliyekaa kwenye mkeka ule ametoka tumboni mwake, atapitishwa haraka kati ya wengine kama mtu asiye na jina. Jaribu amemwambia Mwalim asome hivyo. Hana nguvu ya kubishana tena.

Bi Mwanapili hali chakula kigumu tena. Ijumaa iliyopita hakumtambua Jaribu mpaka alipojitaja mara ya pili. Othman, ambaye sasa humwita Jaribu "ami", anasema huenda kikongwe akaiona Ramadhani, masika hana hakika. Jina atakwenda nalo. Yeye mwenyewe amesema mpango wake ni huo: akifika, amwite shoga yake kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu siku ile walipotoka kwa karani.

Swali la kama angeyafanya yote haya angelijua mwisho wake, Jaribu analijibu bila kuinua macho kutoka kwenye lundo.

"Watu husema, mtafutaji hachoki. Uongo. Nimechoka. Miaka kumi na sita nimepita mlangoni kwa watu nikiwapa bibi zao. Wangu amekaa Chokocho, ndani ya mtu, na mtu yule anakufa, na haki ni yake. Ningekuwa na wa kumkasirikia! Karani kafa. Bwana kafa. Nimkasirikie nani, kikongwe aliyemhifadhi?"

Anagonga kishada. Karafuu zinadondoka.

Daftari amelifunga. Hajui kama atalifungua tena. Yule Time wa Micheweni bado hajaandikwa, anatembea naye kichwani tu.

Lakini Ijumaa atakwenda Chokocho. Ameshakata makuti mia moja na ishirini, yamekauka, yanangoja kufungwa mzigo. Paa la nyumba ya Bi Mwanapili limeoza upande wa kitanda, na mvua za masika haziko mbali. Othman yuko baharini siku nyingi, hana wakati wa kuezeka.

"Siendi kuuliza," anasema Jaribu Vuai. "Nakwenda kuezeka tu. Bibi yangu hana nyumba nyingine. Akivujiwa Bi Mwanapili, na yeye anavujiwa."